Mashindano ya Nusu-Vipitishi: Somo la Kisiwa cha Penang

Chukua redio mbovu isiyofaa tena kutengenezwa, uifungue mbele ya wanafunzi. Ndani yake utakuta ubao mwembamba uliobandikwa vipande vidogo vyeusi vyenye miguu ya chuma mfano wa tandu. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia, huenda ukasoma juu ya kimojawapo jina la nchi kilikokamilishwa: Malaysia.

Wazee wetu waliijua nchi hiyo kwa mpira na bati. Ilichimba bati na kugema mpira kwa ajili ya viwanda vya wengine, kama Tanga ilivyolima mkonge. Leo ni miongoni mwa nchi zinazouza nje chipu nyingi zaidi duniani, na kwa makisio ya kawaida hufanya asilimia 13 hivi ya kazi yote ya dunia ya kuunganisha, kufungasha na kupima chipu. Mwaka 2021, ugonjwa wa Uviko-19 ulipowalazimisha wenye viwanda wa Malaysia kupunguza kazi, viwanda vya magari vya Marekani na Japani vilisimamisha baadhi ya kazi zao kwa kukosa vipande hivyo.

Kuanzisha viwanda hivi ni jambo moja. Kuvidumisha katika mashindano ya dunia kwa zaidi ya miaka 50 ni jambo jingine, tena gumu zaidi. Makala haya yanachunguza jambo hilo la pili. Ili tulielewe, yatupasa kwanza tujue chipu ni kitu gani na hutengenezwaje.

Nusu-kipitishi ni nini?

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba shaba hupitisha umeme na kwamba kioo huuzuia. Shaba ni kipitishi, kioo ni kihami. Kati ya makundi haya mawili yapo maada yanayopitisha umeme kwa kiasi kidogo tu yakiwa safi. Hayo ndiyo nusu-vipitishi, na mashuhuri kati yake ni silikoni, elementi inayopatikana kwa wingi katika mchanga.

Thamani ya silikoni imo katika utiifu wake. Silikoni safi ikichanganywa na fosforasi kwa kadiri ya atomi moja tu kwa kila atomi milioni za silikoni, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara zaidi ya milioni. Ikichanganywa na boroni, hupitisha pia, lakini kwa namna tofauti: badala ya elektroni za ziada, huwapo nafasi zilizokosa elektroni, nazo huhama kana kwamba ni chaji chanya. Kwa kupanga maeneo ya aina hizi mbili kandokando, tunapata transista, yaani swichi ndogo isiyo na sehemu inayosogea, inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme wenyewe.

Chipu ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi zilizounganishwa. Chipu iitwayo 4004, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Chipu kuu ya simu bora ya miaka ya 2020 ina zaidi ya bilioni 10, yaani milioni elfu kumi, katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Safari ya chipu

Kazi ya chipu hupita katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni usanifu. Wahandisi huamua chipu ifanye nini, kisha huchora mpangilio wa transista zake kwa msaada wa kompyuta. Hapa malighafi ni elimu peke yake.

Ngazi ya pili ni uchapaji. Silikoni iliyosafishwa hata isizidi atomi ngeni moja katika atomi bilioni hukatwa visahani vyembamba. Juu ya kila kisahani ramani ya chipu huchapwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mamia ya chipu kwa pamoja. Kazi hii hufanyika katika vyumba ambamo hewa huchujwa daima, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kama jiwe kubwa lililoanguka juu ya mji mdogo.

Ngazi ya tatu ni kuunganisha, kufungasha na kupima. Kisahani hukatwa, kila chipu huunganishwa na miguu yake kwa nyuzi nyembamba, kwa kawaida za dhahabu au shaba, ambazo unene wake haufiki nusu ya unywele wa binadamu. Kisha hufunikwa kwa plastiki ngumu na kupimwa.

Chipu ni nyepesi mno, lakini thamani yake ni kubwa. Kwa hiyo gharama ya kuisafirisha kwa ndege ni ndogo ikilinganishwa na bei yake, na si lazima ngazi hizi tatu ziwe katika nchi moja. Kisahani kinaweza kuchapwa California na kukamilishwa Asia. Jambo hilo ndilo lililoifungulia Penang mlango.

Hesabu inayoamua ushindi

Kabla hatujafika Penang, tufanye hesabu moja. Tuseme kutengeneza chipu fulani kunahitaji hatua 400, na kila hatua hufanikiwa mara 99 katika 100. Katika mtihani wa shule hizo ni alama za kujivunia. Lakini ili chipu iwe nzima, hatua zote 400 lazima zifanikiwe, kwa hiyo tunazidisha 0.99 kwa yenyewe mara 400. Jibu ni 0.018 hivi. Katika kila chipu 100 zitakazotoka, mbili tu ndizo nzima!

Tukifikisha kila hatua mafanikio ya 999 katika 1,000, chipu nzima huwa 67 katika 100. Tukifikisha 9,999 katika 10,000, huwa 96. Mashine, umeme, maji na mishahara vitagharimu karibu sawa katika hali zote tatu. Kiwanda cha kwanza kitafilisika. Cha tatu kitatajirika.

Hesabu hii inaeleza mambo mengi. Inaonyesha kwa nini umeme unaokatika hata kwa sekunde chache ni hasara kubwa, na kwa nini kiwanda kilichotangulia humwacha nyuma anayefuata: kila siku ya kazi humfunza mahali kosa lilipo. Pia inaonyesha kwamba katika sekta hii bei nafuu hutokana zaidi na uangalifu na maarifa kuliko ujira mdogo.

Mwanzo wa Penang

Penang ni kisiwa kilicho pwani ya magharibi ya Malaysia, pamoja na ukanda wa bara ulio mkabala nacho. Kwa muda mrefu kiliishi kwa biashara ya bandari huru. Mwaka 1969 kilipoteza hadhi hiyo, na ukosefu wa kazi ukawa tatizo kubwa. Mwaka huohuo Dakta Lim Chong Eu akawa Waziri Kiongozi wa jimbo, cheo alichokishika hadi 1990, na Shirika la Maendeleo la Penang likaundwa.

Shirika hilo lilitayarisha eneo huru la viwanda huko Bayan Lepas, karibu na uwanja wa ndege, mahali palipokuwa na mashamba ya mpunga na vijiji. Kiwanda kilichoingiza vifaa humo na kuuza bidhaa nje kilisamehewa ushuru. Lim na wasaidizi wake walikwenda wenyewe kuzishawishi kampuni za kigeni. National Semiconductor ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitika, na mwaka 1972 Intel ilifungua huko kiwanda chake cha kwanza nje ya Marekani.

Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka vijijini. Waliketi saa nyingi mbele ya hadubini, wakiunganisha nyuzi za dhahabu kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kazi ilichosha macho, na ujira ulikuwa mdogo kuliko ule wa California. Tusifiche neno: Penang iliingia katika mashindano haya kwa unafuu wa mikono ya mabinti zake.

Unafuu haudumu

Yeyote anayeshindana kwa ujira mdogo ana maadui wawili. Wa kwanza ni mafanikio yake mwenyewe. Viwanda vinapoongezeka, watu wa kuajiri hupungua na mishahara hupanda, na ndivyo inavyopasa, kwa maana maendeleo ni kwa ajili ya watu. Lakini hapo nchi nyingine yenye ujira mdogo zaidi hujitokeza. Penang ilishindana na Ufilipino, kisha China, kisha Vietnam.

Adui wa pili ni mashine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kuunganisha nyuzi zilianza kuchukua nafasi ya mikono. Mashine haichoki macho, na bei yake ni karibu ileile popote inaponunuliwa. Siku mashine ilipoingia, mshahara wa msichana mwenye hadubini ulikoma kuwa sababu kubwa ya kuchagua nchi. Kampuni zingeweza kurudi kwao. Mdororo wa biashara ulipotokea mwaka 1985 na 1986, maelfu ya wafanyakazi wa elektroniki nchini Malaysia walipoteza kazi. Wengi waliona kwamba safari imefikia mwisho.

Wasomaji wetu wanaijua hali ya namna hiyo. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, mkonge ulishuka bei, na shamba lililotegemea bei hiyo peke yake halikuwa na la kufanya.

Kilichowaokoa

Mambo matatu yaliibakiza Penang katika mashindano.

La kwanza ni ujuzi uliokwisha kukusanyika. Mashine mpya zilihitaji mafundi sanifu wa kuzirekebisha na wahandisi wa kuchunguza sababu za makosa. Watu hao walikuwako Penang, kwa kuwa walikuwa wamefanya kazi hiyo miaka 10 na zaidi. Walizijua zile hatua ambamo chipu huharibika. Kampuni nyingi ziliona ni heri kuleta mashine mahali penye watu wenye ujuzi kuliko kuanza upya kwingine. Taratibu kazi ikapanda: kutoka kuunganisha hadi kupima, kutoka kupima hadi kuboresha taratibu za uzalishaji, na katika miaka ya 1990 baadhi ya kampuni zikaanza kusanifu chipu hukohuko kisiwani.

La pili ni shule ya pamoja. Mwaka 1989 serikali ya jimbo, kampuni na Chuo Kikuu cha Sayansi cha Malaysia walianzisha Kituo cha Kuendeleza Ujuzi cha Penang. Kampuni zinazoshindana sokoni zilikubali kuketi meza moja, kuchangia mashine za kufundishia na kueleza wazi ni ujuzi gani unaohitajiwa mwaka huu na utakaohitajiwa miaka ijayo. Kila kampuni ilikuwa na hofu ya kumfundisha mtu kisha akachukuliwa na jirani. Kwa kufundisha pamoja hofu hiyo ilipungua. Tena sheria ya mwaka 1992 iliwataka waajiri wa viwanda walipe asilimia 1 ya jumla ya mishahara katika mfuko wa mafunzo, na aliyewafundisha wafanyakazi wake alirudishiwa gharama kutoka katika mfuko huo.

La tatu ni mafundi wa nyumbani. Kiwanda cha chipu huhitaji vifaa vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi, mikono ya mashine na vyombo vya ukaguzi. Karakana ndogo za Penang zilianza kwa kutengeneza vipuri vya kawaida, zikapewa kazi ngumu zaidi kadiri zilivyoaminika. Baadhi ya wahandisi waliacha kazi katika kampuni za kigeni wakaanzisha zao. ViTrox, iliyoanzishwa mwaka 2000, hutengeneza mashine zenye kamera za kukagua chipu na kuziuza nchi nyingi. Hapo mwanafunzi amekuwa mwalimu: nchi iliyokuwa ikinunua mashine za kukagulia sasa inaziuza.

Ngazi ambayo haijapandwa

Hata hivyo, itakuwa kosa kuihadithia Penang kana kwamba imekwisha kushinda. Sehemu kubwa ya faida ya chipu huenda kwa wenye usanifu na wenye uchapaji wa hali ya juu, na humo Malaysia ingali na nafasi ndogo. Tulinganishe na Taiwan, ambayo nayo ilianza kwa kuunganisha vifaa vya kampuni za kigeni.

Serikali ya Taiwan iliunda taasisi ya utafiti wa teknolojia ya viwanda mwaka 1973. Mwaka 1976 ilifanya mapatano na kampuni ya RCA ya Marekani na kupeleka wahandisi vijana kujifunza uchapaji wa chipu. Waliporudi walipewa kiwanda cha majaribio waendeshe wenyewe. Mwaka 1987 Morris Chang alianzisha kampuni ya TSMC, ambayo haiuzi chipu zenye jina lake, bali huwachapia wengine. Leo kampuni hiyo hupata zaidi ya nusu ya mapato yote ya kazi hiyo ya mkataba duniani. Tofauti iliyo muhimu ni hii: Taiwan ililipa kwa makusudi gharama ya kujifunza ngazi ya pili mapema, wakati mlango ulipokuwa bado wazi.

Malaysia ilijaribu baadaye. Taasisi yake ya elektroniki, MIMOS, iliundwa mwaka 1985, na kiwanda cha uchapaji cha Silterra, huko Kulim jirani na Penang, kilianza uzalishaji miaka ya mwanzo ya 2000. Kufikia wakati huo waliotangulia walikwisha kuzipata zile tisa zao katika hesabu tuliyoifanya, na gharama za mashine zilikuwa zimepanda mno. Silterra haikuwafikia wakubwa, na mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa serikali uliuza hisa zake. Siku hizi mashine moja ya kuchapa kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri, inayotengenezwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, hugharimu zaidi ya dola za Marekani milioni 100. Hakuna nchi inayoendelea inayoweza kukurupuka na kuingia katika mbio hizo.

Kuna pengo jingine lisilohusu mashine. Wahandisi wengi wa Malaysia huvuka kwenda Singapore, ambako mishahara ni mikubwa zaidi. Nchi inayomsomesha mhandisi kisha ikamlipa kama kibarua inamsomeshea jirani.

Juhudi za sasa

Mwezi Mei 2024 Waziri Mkuu Anwar Ibrahim alitangaza Mkakati wa Taifa wa Nusu-Vipitishi. Serikali ilikusudia kutoa msaada wa ringgit bilioni 25, ambazo wakati huo zilikuwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 5, na kuandaa wahandisi 60,000. Mkakati huo hauanzi na ndoto ya kuipita Taiwan katika uchapaji mdogo kabisa. Unaanza na ngazi ambayo Malaysia tayari inasimama imara, yaani ufungashaji, na kutaka kuifanya ya hali ya juu.

Busara yake inaeleweka kisayansi. Kwa kuwa kupunguza ukubwa wa transista kumekuwa kugumu na ghali, wahandisi sasa hupanga chipu kadhaa ndogo kandokando au moja juu ya nyingine ndani ya kifungashio kimoja, ziwe kana kwamba ni chipu moja kubwa. Kazi ya kufungasha, iliyodharauliwa zamani kuwa ya mikono, imegeuka kuwa sayansi inayohitaji maarifa ya joto, ya metali na ya mawimbi ya umeme. Zaidi ya hayo, mwezi Machi 2025 serikali ilifanya mkataba wa dola milioni 250 kwa miaka 10 na kampuni ya Arm ili kupata haki ya kutumia misingi yake ya usanifu na kufundisha wahandisi 10,000.

Je, itafaulu? Fedha zinaweza kununua mashine na hati. Haziwezi kununua miaka ya mazoezi. Hiyo itategemea kama wahandisi hao watapatikana, na kama wakiisha kupatikana watabaki.

Tujifunze nini?

Kutokana na mfano huu tunaona kwamba unafuu wa ujira ni tiketi ya kuingilia tu, na tiketi hiyo ina tarehe ya mwisho. Nchi hubaki katika mashindano ikiwa maarifa ya watu wake yanakua upesi kuliko mishahara yao inavyopanda. Yakikua hivyo, mishahara mizuri haitafukuza kiwanda. Yasipokua, hata mishahara duni haitakizuia kuhama.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Huko Nyeri, nchini Kenya, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni changa ya nusu-vipitishi imekwisha kuanzishwa. Ukubwa wake si wa kulinganishwa na Bayan Lepas, lakini Bayan Lepas nayo ilikuwa mashamba ya mpunga. Litakalofaa kuulizwa kila mwaka kuhusu kiwanda cha aina hii ni swali moja: je, vijana wetu walio ndani yake wanajua leo jambo ambalo mwaka jana hawakulijua? Jibu la swali hilo huanza kuandaliwa katika maabara za shule za sekondari, mwalimu anapomruhusu mwanafunzi kufungua redio mbovu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chipu fulani huhitaji hatua 600, kila moja ikifanikiwa mara 999 katika 1,000. Kwa kutumia majedwali ya logi au kikokotoo, tafuta ni chipu ngapi katika 100 zitakuwa nzima.

2. Kwa nini mashine za kuunganisha nyuzi zilihatarisha viwanda vya Penang, na kwa nini hazikuviua?

3. Chagueni zao au bidhaa moja ya wilaya yenu. Orodhesheni ngazi zake zote tangu malighafi hadi kwa mtumiaji, kisha mwonyeshe ni ngazi ipi inayofanyika kwenu na ni ujuzi gani unaohitajiwa ili kupanda ngazi moja zaidi.